Orodha Inayozama na Meli

Likizo ya Desemba iliyopita mjukuu wangu aliyeko kidato cha pili alikuja kukaa nami hapa Tunduma. Jioni moja umeme ulikatika, tukakaa barazani tukisikiliza ngurumo za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, naye akaanza kunipima akili kama wafanyavyo vijana.

"Babu, meli ya Titanic ilikuwa na dohani ngapi?"

Nikamwambia nne.

"Na zilizotoa moshi wa mitambo ni ngapi?"

Sikujua. Akacheka, akanieleza kuwa ni tatu tu. Ya nne iliwekwa zaidi kwa ajili ya kupitisha hewa na kuipendezesha meli. Baada ya hapo hakushikika. Akaniambia kuwa walikuwamo mbwa 12, na watatu wakaokolewa. Akaniambia habari za afisa mmoja, David Blair, aliyebadilishwa siku chache kabla ya safari, akasahau kukabidhi ufunguo wa kabati lililosadikiwa kuwa na darubini za walinzi, na kwamba ufunguo huo uliuzwa mnadani mwaka 2007 kwa pauni 90,000 hivi. Akaniambia habari za mhudumu Violet Jessop, aliyekuwamo ndani ya Olympic ilipogongana na manowari mwaka 1911, akawamo ndani ya Titanic mwaka 1912, akawamo ndani ya Britannic ilipozama mwaka 1916, akatoka mzima mara zote tatu.

Nikampongeza, maana mtoto anayekumbuka mambo si wa kubezwa. Kisha, kwa mazoea ya ualimu, nikamrudishia swali moja.

"Na MV Bukoba ilizama na watu wangapi?"

Akanyamaza. Akawasha simu yake, akasoma, akakunja uso. "Babu, hapa wanasema zaidi ya mia tano. Hapa wanasema mia nane tisini na nne. Hapa wanasema karibu elfu. Sasa ipi ndiyo sahihi?"

Ndugu msomaji, swali la mtoto huyo ndilo lililonifanya niandike sura hii. Idadi ya mbwa wa wageni waliokufa katika bahari ya mbali miaka zaidi ya 100 iliyopita inajulikana. Idadi ya Watanzania wenzetu waliokufa ndani ya ziwa letu wenyewe, mwaka 1996, nikiwa mtu mzima mwenye kazi na familia, haijulikani hadi leo, wala haitajulikana kamwe. Naandika kwa hasira, na siombi radhi kwa hilo.

Wako watakaoniuliza mtu wa Tunduma anahusika nini na meli. Sisi wa mkoa wa Songwe hatuna bahari. Tuna barabara kuu, reli ya TAZARA, mpaka wa Zambia, kahawa ya Mbozi na upande mmoja wa Ziwa Rukwa. Nitaeleza ninavyohusika, lakini kwanza niwakumbushe walio vijana jambo lenyewe.

MV Bukoba iliondoka Bukoba usiku wa Jumatatu, tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo kuongeza abiria na mikungu ya ndizi, ikaelekea Mwanza. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21, ikiwa imekaribia kufika, ililala ubavu na kupinduka. Meli hiyo iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Kwa saa kadhaa tumbo lake lilibaki juu ya maji, na waliokuwa juu yake waliwasikia watu wakigonga kutoka ndani. Bati likatobolewa ili watolewe, na hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kupitia tundu lile lile la wokovu, meli ikazama. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wazamiaji wa jeshi la majini walikuja kutoka Afrika Kusini kusaidia kutafuta miili. Wengi wa waliopatikana walizikwa pamoja Igoma, jijini Mwanza.

Hayo watu wazima wanayakumbuka. Jambo ambalo si wengi wanalikumbuka, na ambalo kwangu ndilo kiini cha msiba wote, ni hili: orodha ya abiria ilikuwapo kwa daraja la kwanza na la pili, nayo ilikuwa na watu 443, yaani tayari ilikuwa imepita uwezo wa meli nzima. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Aliyelipa nauli ndogo hakuandikwa jina. Alikata tiketi, akapanda, akakaa alipopata. Na meli ilipozama, hapakuwa na karatasi popote duniani iliyosema kwamba alikuwamo.

Sasa nieleze ninavyohusika.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Mbozi, wakati huo ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Mbeya. Mkoa wetu wa Songwe ulikuja kuzaliwa mwaka 2016. Miongoni mwa walimu wangu alikuwapo kijana mmoja wa Kagera, mwalimu wa hisabati wa darasa la sita na la saba. Mapema mwezi Mei alipata habari kuwa mama yake amefariki. Nikampa ruhusa ya siku 14, maana safari ya kutoka kwetu hadi kwao ilikuwa peke yake ni kama siku nne, na kurudi siku nne. Ruhusa ilikwisha, hakurudi. Habari ya meli tuliisikia redioni, lakini katika nchi kubwa kama hii mtu hasemi mara moja kuwa "yule ni wetu". Tukasubiri.

Wiki ya pili ya Juni mke wake alipokea barua iliyogongwa muhuri wa posta ya Bukoba. Mumewe alikuwa ameandika kwamba mazishi yamekwisha salama, kwamba amekosa nafasi ya daraja la pili, na kwamba atasafiri kwa daraja la tatu Jumatatu usiku. Alimwagiza mkewe asiuze mahindi yote. Barua hiyo ndiyo neno lake la mwisho.

Mama yule akaanza safari ya ofisini. Sitaitaja ofisi, kwa kuwa waliokuwamo wengi wamekwisha kustaafu au kufariki, na kwa kuwa walifanya lile ambalo karatasi ziliwaruhusu. Waliangalia orodha, jina halikuwamo. Waliambiwa kuhusu barua. Wakasema barua inathibitisha nia ya kusafiri, haithibitishi safari. Wakauliza kama mwili umeonekana, haukuonekana. Hatimaye wakaagiza daftari la mahudhurio ya walimu la shule yangu.

Hapa ndipo penye doa langu. Kila mwalimu mkuu anajua utaratibu: saa ya kusaini ikipita, unapiga mstari mwekundu, na jina lisilo na saini juu ya mstari huo limehesabiwa. Ruhusa ya mwalimu yule ilipokwisha, nilianza kupiga mstari mwekundu mbele ya jina lake, siku hadi siku, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Mistari hiyo ndiyo ushahidi pekee ulioandikwa kuhusu mwalimu yule baada ya tarehe 20 Mei. Faili lake lilifungwa kwa kosa la utoro kazini. Mjane akakaa miaka mingi akiwa mke wa mtoro, bila mafao, na watoto wakakua wakisikia mitaani kuwa baba yao alikimbilia Uganda kwa mwanamke mwingine.

Jina la mwalimu huyo ninalijua, nalo halinitoki. Mjane wake aliniomba nisiliandike kitabuni, kwa kuwa amechoka kueleza, nami ninamheshimu. Lakini msomaji aelewe: kutoandikwa huku ni kwa hiari ya mwenyewe. Kule kwa kwanza hakukuwa kwa hiari ya mtu.

Baada ya msiba huo nilianza kusoma habari za Titanic, na nilianza kwa chuki. Mwaka 1998 filamu yake iliingia mabanda ya video ya Tunduma, nikawaona watu wazima wakitoka wakifuta machozi kwa ajili ya vijana wawili wa kubuni, ilhali miaka miwili tu nyuma hatukuwa tumefuta machozi ya kweli. Nilidhani nitakuta hadithi ya matajiri waliolilia matajiri wenzao. Nilichokikuta kilinifunga mdomo.

Nilikuta kwamba wazungu wale hawakuwa wema kuliko sisi. Meli yao ilikuwa na mashua 20 za kuokolea, zenye nafasi ya watu 1,178, wakati ndani walikuwamo zaidi ya watu 2,200. Na hapakuwa na sheria iliyovunjwa! Sheria ya Uingereza ilipanga mashua kwa kufuata uzito wa meli, wala haikuuliza wamo watu wangapi. Kwa kiwango chake mashua 16 zilitosha. Kati ya abiria wa daraja la kwanza, takriban sita katika kila kumi waliokoka. Katika daraja la tatu, mmoja katika kila wanne. Meli ya Mackay-Bennett ilipokwenda kuokota maiti ilipata 306, na 116 kati ya hao wakarudishwa baharini; waliorudishwa walikuwa zaidi mabaharia na watu wa daraja la chini, na walioonekana kuwa matajiri wakapelekwa nchi kavu. Kwa hiyo ubaguzi ulikuwapo hata kwa wafu.

Lakini waliandika. Abiria wa daraja la tatu wa Titanic, wahamiaji waliobeba mali yao yote kwa furushi, kila mmoja aliingizwa katika orodha kwa jina na kwa namba ya tiketi. Ndiyo sababu leo tunajua kwamba abiria mdogo kuliko wote alikuwa Millvina Dean, mtoto mchanga wa wiki tisa wa daraja la tatu, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa manusura wa mwisho kufa, mwaka 2009, akiwa na miaka 97. Jiulize, msomaji: ndani ya MV Bukoba, mtoto mdogo kuliko wote alikuwa nani? Bila shaka alikuwapo mtoto wa namna hiyo mgongoni mwa mama yake. Nani aliandika jina lake?

Nilikuta pia habari ya mtu mmoja wa Halifax, nchini Canada, aitwaye John Henry Barnstead, mwandikishaji wa vifo. Alipoambiwa maiti zinaletwa, alibuni utaratibu rahisi mno: kila mwili upewe namba, vitu vyake vitiwe katika mfuko wenye namba hiyo hiyo, na maelezo yake yaandikwe, rangi ya nywele, nguo, makovu, hata kilichomo mfukoni. Mwaka 1917 mji huo huo ulipopata mlipuko mkubwa wa meli ya baruti, mwanawe alitumia utaratibu ule wa baba yake. Mwili wa nne kuokotwa wa Titanic ulikuwa wa mtoto wa kiume ambaye hapakuwa na aliyemtambua. Mabaharia waliomwokota walimnunulia jiwe la kaburi wenyewe. Namba yake ikatunzwa. Mwaka 2007, miaka 95 baadaye, wataalamu wakachunguza vinasaba na kuthibitisha kuwa ni Sidney Goodwin, mtoto wa miezi 19, wa daraja la tatu, aliyekufa na wazazi wake na ndugu zake wote watano.

Nilipoyasoma hayo niliacha kuwacheka wanaokusanya vijambo vidogo vidogo vya Titanic. Vijambo hivyo havikuanguka kutoka mbinguni. Ni makombo ya kazi kubwa ya kuhesabu. Seneti ya Marekani ilianza kuhoji mashahidi tarehe 19 Aprili 1912, siku moja tu baada ya manusura kushushwa New York. Uchunguzi wa Uingereza uliuliza maswali zaidi ya 25,000. Mtu anajua idadi ya mbwa kwa sababu palikuwapo watu waliohesabu binadamu kwanza, na walipomaliza wakawa na nafasi ya kuhesabu mbwa. Na kutokana na hesabu hiyo, Januari 1914 mataifa yakakutana London na kutia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Hata wao tume zao mbili zilitofautiana kidogo katika idadi ya waliokufa. Lakini tofauti yao ilikuwa ya watu wachache, si ya mamia.

Sasa nitaje kijambo kimoja cha MV Bukoba ambacho ulimwengu unakijua, tena sana. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, mtu wa pili katika uongozi wa al-Qaeda, aliyekuwa akisafiri kwa jina lisilo lake. Habari hizo zilikuja kuelezwa katika kesi kubwa iliyosikilizwa New York mwaka 2001 kuhusu milipuko ya balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, ya mwaka 1998. Wenzake walituma watu hadi Ziwa Victoria kuhakikisha kama kweli amekufa. Soma tena maneno hayo polepole. Kikundi cha wauaji kilimtafuta mtu wake mmoja hadi kikajiridhisha. Mwalimu wangu, aliyefundisha watoto wa Tanzania hesabu za sehemu na asilimia, alitafutwa na nani? Na mkewe, mwenye barua mkononi.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimekwisha kupewa.

La kwanza ni lile la mwalimu mwenzangu mstaafu, mtu wa dini, tunayekunywa naye chai kila Jumamosi. Huniambia, "Mwalimu, ajali ni kazi ya Mungu." Nami namwambia kwamba kifo ni cha Mungu, lakini orodha ni ya karani. Mungu hakumkataza mtu yeyote pale Kemondo kushika kalamu. Tena katika vitabu vyetu vyote viwili, Msahafu na Biblia, matendo ya kila mtu huandikwa, na hakuna palipoandikwa kwamba wa daraja la tatu wataachwa.

La pili ni kwamba sisi ni maskini. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa nimefanya kazi ndani ya umaskini huo maisha yangu yote. Nimesimamia madarasa ya watoto 90 na zaidi, madawati hayatoshi, chaki tunakata vipande viwili. Hata hivyo kila asubuhi mwalimu wa darasa alifungua daftari, akaita jina moja baada ya jingine, na kila mtoto akajibu. Kabla ya saa tatu nilikuwa najua ni nani hayupo, nami nilituma mtu nyumbani kwao kuuliza. Daftari na kalamu ya wino vilitosha. Taifa linaloweza kuita majina ya mamilioni ya watoto kila siku ya kazi, hata vijijini kusikofika gari, haliwezi kudai kwamba limeshindwa kuita majina ya watu mia chache gatini kwa sababu ya umaskini.

La tatu ni kwamba hayo ni ya zamani, na sasa mambo yamerekebishwa. Lau ingekuwa hivyo, nisingeandika. Ni kweli kwamba tulitunga sheria: ya SUMATRA mwaka 2001, ya usafiri wa meli mwaka 2003, ya TASAC mwaka 2017. Sizibezi. Lakini tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Meli iliyokuwa na ruhusa ya kubeba watu wasiozidi 700 hivi ilikutwa, kwa hesabu ya tume iliyoundwa Zanzibar, kuwa ilibeba zaidi ya 2,400. Siku za mwanzo tulitangaziwa wafu mia mbili na kitu, kwa kuwa hiyo ndiyo miili iliyoonekana. Tume ilipopita nyumba kwa nyumba na kuuliza nani hakurudi, ikapata waliokufa na waliopotea zaidi ya 1,500. Yaani mauti ya ukubwa wa Titanic yalitokea Nungwi, na ilihitajika miezi minne kuyagundua! Msomaji, ulijua hilo? Watu wangapi unaowafahamu wanalijua?

Halafu likaja la tarehe 20 Septemba 2018: kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kikitoka Bugolora kisiwani Ukerewe kwenda Ukara, siku ya gulio. Waliokufa walipita 220. Na idadi ya waliopanda? Aliyekuwa akikatisha tiketi alikufa maji, na mashine yake ikazama naye. Miaka 22 baada ya MV Bukoba, ziwa lile lile, na hesabu imo chini ya maji pamoja na mhesabuji. Hapo ndipo nilipojifunza kanuni ambayo ningependa ichorwe katika kila gati: orodha inayosafiri na meli huzama na meli.

Wala hatuko peke yetu. Tarehe 26 Septemba 2002 meli ya Le Joola ya Senegal ilipinduka na kuua zaidi ya watu 1,800, wengi kuliko Titanic, wakanusurika 64. Mwulize kijana yeyote wa Kiafrika kama amewahi kulisikia jina hilo. Atakueleza habari za Titanic hadi asubuhi.

Tena ninyi wenzangu wa Songwe msikae mkidhani kuwa haya ni ya watu wa maziwa na visiwa. Miaka michache iliyopita nilisafiri kwa basi kutoka hapa Tunduma. Nilipopewa tiketi nilivaa miwani nikaisoma. Mahali pa jina la abiria paliandikwa "Mzee". Nikamrudishia kijana, nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nina jina." Akanijibu kwa heshima zote, "Samahani mzee wangu, lakini si unafika tu?" Abiria waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Mimi sikucheka. Njiani gari likaokota watu Vwawa, Mlowo na Songwe yenyewe, wakakaa kwenye ndoo katikati ya viti. Hao hata "Mzee" hawakuandikwa. Tulifika salama. MV Bukoba nayo ilifika salama safari nyingi kabla ya ile moja.

Basi nataka nini? Nataka mambo matatu, na yote ni ya bei ya daftari.

Kwanza, kila chombo kinachobeba abiria, kiwe meli, kivuko, treni au basi, kiache nchi kavu nakala ya majina ya waliomo, wa madaraja yote, pamoja na watoto wa mgongoni, kabla ya kamba kufunguliwa au injini kuwashwa. Penye mtambo, utumike mtambo. Pasipo na mtambo, itumike kalamu.

Pili, majina ya waliopotea ndani ya MV Bukoba yakusanywe sasa, kata kwa kata, kwa kuwauliza wajane, wagane na watoto waliobaki, kama ilivyofanywa kule Unguja na Pemba. Mjane aliyekuwa na miaka 30 mwaka ule sasa ni bibi. Tukingoja miaka 95 kama Halifax, hatutakuta hata mmoja wa kumwuliza, wala hatukutunza namba wala mifuko. Na anayethibitika kuwa alikuwamo, faili lake lifunguliwe na neno "mtoro" lifutwe.

Tatu, watoto wetu wafundishwe vijambo vidogo vya misiba yetu wenyewe. Mjukuu wangu ana kichwa kizuri. Kimejazwa dohani ya nne kwa sababu hatukumpa kingine. Angejua jina la mwalimu mmoja, la mchuuzi mmoja wa ndizi wa Kemondo, la mtoto mmoja wa shule, asingesahau.

Usiku ule, umeme uliporudi, nilikwenda sandukuni nikatoa daftari la zamani la shule. Nilipostaafu nililinakili kwa mkono ukurasa mmoja, kwa kuwa la asili ni mali ya serikali. Nikamwonyesha mjukuu wangu ile mistari mwekundu ya Mei na Juni 1996. Akaniuliza kwa nini nimemwandika mwalimu kuwa hayupo, naye alikuwa amekufa.

Nikamjibu kwamba siku ile sikuwa na daftari jingine la kumwandika. Akachukua kalamu yake ya shule, akaniuliza jina, nikamtajia herufi kwa herufi, naye akaliandika pembeni ya ukurasa, na mbele yake akaandika: alikuwamo.